Zamu ya Jikoni

Sulochana alikwenda ashramu, makao ya watawa wa Kihindu kando ya mto Narmada, kumchukua mwanawe amrudishe nyumbani Nagpur. Alibeba begi moja la nguo na tiketi mbili za treni ya kurudi. Mandar, ambaye sasa alikuwa mtawa na aliitwa Swami Nirmalananda, alimpokea barazani, kichwa kimenyolewa, vazi la rangi ya chungwa limemkaa vizuri kuliko suti alizokuwa akivaa ofisini. Akamuuliza kama amesafiri salama. Akamwita Mama. Si Aai, jina alilomwita tangu alipoanza kusema, bali Mama, kama alivyomwita mjane wa jikoni na kama alivyomwita msichana mdogo aliyeleta maua ya hekaluni.

"Tiketi zipo," Sulochana akamwambia. "Treni ni keshokutwa."

"Mama, nyumbani kwangu ni hapa," akajibu kwa upole. "Kaa upumzike kwanza."

Akaenda zake kufundisha Kisanskriti. Treni ikaondoka bila wao. Mvua zikanyesha, Narmada ikafurika mpaka ngazi za juu, ikashuka tena ikaacha tope, baridi ikaingia, na Sulochana bado alikuwapo.

Mwenyewe alidhani angelia. Wanawake wenzake nao walimsubiri alie, wakamwekea nafasi karibu nao. Lakini machozi hayakuja. Ilikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu, unajua ni wako lakini ukiubonyeza huusikii. Kila siku kengele ililia kabla ya mapambazuko, akaamka. Alioga maji baridi, akakaa nyuma ukumbini akifungua mdomo wengine walipoimba, kisha akaenda jikoni kukata mboga na kukanda unga. Walikula sakafuni kwenye sahani za majani, wanaume safu ile, wanawake safu hii. Alimwona mwanawe akipita na ndoo ya dengu, akiwagawia watu. Alipofika kwake alimtilia upawa mmoja, sawa na wengine.

"Hata tone la ziada hakuna!" alinong'ona Godavari, yule mjane wa jikoni, mwanamke mnene asiyeweza kukaa kimya hata wakati wa kutafakari. "Miezi tisa umembeba tumboni, dada, na dengu anakupimia kama mgeni."

"Imetosha," alisema Sulochana, akamega chapati.

Baada ya sikukuu ya Sankranti, habari zikafika jikoni kabla hazijatangazwa: Swami Nirmalananda anapelekwa kwenye tawi la milimani, kaskazini, kwenye theluji. Godavari aliweka kisu chini.

"Amekuambia?"

"Hajaniambia."

"Na wewe huendi kumuuliza?"

Sulochana alikuwa anamenya mung'unye. Aliligeuza upande wa pili. "Wameshasema anakwenda. Nimuulize nini tena?"

"Ee Bwana Rama! Mtu ana moyo au ana jiwe la kusagia?" Godavari akamsogelea. "Basi nisikilize. Swami hamwinamii mtu yeyote, hata angekuwa waziri. Anamwinamia guru, mwalimu wake wa dini, na mama aliyemzaa. Siku ya kuagana atakuinamia wewe, mbele ya watu wote. Hapo tutaona kama hutalia."

Neno hilo likaenea. Asubuhi ya safari ua ulijaa, gari likiunguruma langoni, na Sulochana alitambua kwamba watu wamemwachia nafasi mbele. Alivaa sari yake ya kijivu. Watu walipanga foleni, mmoja mmoja akiinama, akigusa miguu ya Swami, akipisha. Foleni ikasogea, naye akasogea nayo.

Ilipofika zamu yake, Mandar aliunganisha viganja na kuanza kuinama. Lakini Sulochana alikuwa ameshakwenda chini. Aliinama kama alivyoinama yule wa mbele yake, akagusa miguu, akauona ukucha wa kidole gumba uliopinda tangu mlango ulipombana akiwa darasa la pili. Aliutazama. Akainuka. Mwanawe alikuwa amesimama nusu ameinama, mikono hewani, hajui aiweke wapi.

"Mama," akasema.

"Huko kuna baridi," alisema Sulochana. "Vaa soksi."

"Nitavaa."

Mtu wa nyuma yake akakohoa, Sulochana akapisha.

Gari lilipotoweka Godavari alimkamata mkono. "Umefanya nini wewe? Kijana wa watu anataka kukuinamia, unakimbilia chini kama umedondosha hereni!"

"Sikufikiri," alisema Sulochana. "Foleni ilikuwa inasogea."

Godavari ndiye aliyelia, kwa kwikwi, akijifuta kwa ncha ya sari. Sulochana alimshika bega mpaka aliponyamaza, halafu wakaingia jikoni kwa kuwa dengu ilikuwa motoni.

Baada ya siku chache dada yake, Pramila, alipiga simu kutoka Nagpur, Sulochana akaitwa ofisini kuipokea.

"Sasa ameondoka, unarudi lini?"

Sulochana akajifuta unga viganjani.

"Au na wewe umekuwa mtawa?"

"Hapana. Hata hizo nyimbo sizijui vizuri."

"Basi unafanya nini huko, Sulu?"

Alilifikiria swali lile, maana lilikuwa swali la haki. "Nakata mboga," akasema.

Pramila akaanza kulia. Sulochana alishikilia simu sikioni akisubiri, kama mtu anayesubiri mvua ipungue avuke barabara. Pramila alipotulia akamuuliza Sulochana habari za nyumba yake ya Nagpur. Kuna wapangaji wanaitaka, mume na mke, walimu.

"Wape," Sulochana alisema.

"Na chumba cha Mandar? Vitabu vyake, baiskeli?"

"Watakavyoona wao."

Akaagana naye, akatoka nje. Jua lilikuwa limeshika ngazi za mtoni, na wanawake wawili walikuwa wanafua mashuka ya wageni. Mmoja alimwita aje ashike upande wa pili. Akashika, wakakamua, maji baridi yakamchuruzika mpaka kwenye viwiko.

"Kaza, Mama," alisema yule mwanamke. "Kaza zaidi."