Siku Plamedi Alipopiga Roki

Musinionee huruma. Anayestahili huruma ni mudogo wangu Plamedi, ambaye watoto wa muji wa Kasongo sasa wakimuona barabarani wanachekelea, wanajifanya wanapiga gitaa.

Plamedi anapigaka roki. Si rumba, si nyimbo za kwaya, ni roki yenyewe, ile ya makelele. Baba yetu ni mulimaji kule Wamaza, na alimuambia achague, muziki ao jembe. Mama akamutetea. Akasema mucheza kwao hutunzwa, basi apige kwanza Kasongo, watu wa kwao wamupime. Plamedi akakubali. Wakimupokea, ataendelea na bendi ya Moustapha. Wakimukataa, atarudisha gitaa, maana ni la Moustapha, na kupanda pikipiki ya Wamaza akalime.

Mama hakuweza kusafiri, mugongo unamuuma, akanitumia kitenge chake kipya. Kwetu, mutu akifanya vizuri mbele za watu, mutu wa jamaa yake ndiye anatangulia kumufunga kitenge mabegani. Asipotangulia huyo, hakuna mwingine anayethubutu. Watu wanajiuliza, kama wenyewe wamekaa, sisi ni nani? Na jamaa ya Plamedi hapa mujini ni mimi peke yangu.

Basi Jumapili muchana tukajaa kwenye kiwanja cha mupira. Nilikaa mbele kabisa, kitenge mapajani. Plamedi akaanza kupiga. Na mimi, kichwa maji, nikafungua telefone.

Niseme kazi yangu. Natengeneza programu za ordinateri, ndiyo kompyuta, kwa kampuni moja ya Kinshasa, nikiwa hapa hapa Kasongo. Kesho yake asubuhi wakubwa wangu walikuwa wanihoji kama nastahili kupandishwa kuwa injinia mukubwa. Nilikuwa nimepata maandishi marefu juu ya cheo hicho, kwamba injinia mukubwa hapimwi kwa wingi wa programu anazoandika, anapimwa kwa namna anavyowainua wenzake. Nikayapenda maneno hayo. Nikayarudilia ili niyashike kichwani, niende kuwaambia wakubwa. Mutoto wa mama yangu iko juu ya jukwaa anatokwa jasho, na mimi iko chini nasoma namna ya kuinua wenzangu. Haki ya Mungu, najichukia.

Nilipoinua kichwa, muziki ulikuwa umeisha. Jenereta tu ndiyo ilikuwa inasikika. Plamedi amesimama ananitazama, na watu wote nao wananitazama. Nilisimama mbio, lakini Moustapha, kwa haya, alikuwa amekwisha kumuita mwimbaji mwingine. Mutu mumoja nyuma akapiga mluzi, wakaanza kucheka. Nikakaa tena. Nilitamani ardhi inimeze.

Nilimukuta Plamedi nyuma ya jukwaa, gitaa amekwisha kumurudishia mwenyewe. Nikamuambia kweli yote, kwamba sikusikia kitu, nilikuwa nasoma. Nilitaka anitukane, ningepumua kidogo.

"Nilikuona, yaya," akasema, ndivyo anavyoniita mimi mukubwa wake. "Ule mwisho wa wimbo niliurudilia-rudilia, nangoja umalize kusoma."

Mimi nikalia. Yeye hakulia. Pale pale mama akapiga simu, anauliza kama nimemufunga. Plamedi akaichukua telefone mukononi mwangu.

"Amenifunga, mama," akasema. "Kimenikaa vizuri."

Kisha akamuambia kwamba kesho anapanda pikipiki, anarudi kulima, muziki umemuchosha tu.

Mama hakuelewa. Mutoto ametunzwa na watu wa kwao, halafu anatupa gitaa? Akataka nirudishiwe telefone. Akanisihi nimubembeleze mudogo wangu abaki na bendi, maana baba amekwisha kulainika, na Plamedi hajawahi kumukatalia yaya yake neno.

"Zungumuza naye polepole," mama akaniambia. "Wewe ndiye unamusikilizaka."