Mikono ya Mzee Lenzi

Kamera ya tatu mfululizo ilikuwa inakwenda kuhukumiwa, na aliyejua ukweli wote alikuwa fundi cherehani peke yake.

Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Lenzi, alikuwa na kazi ya kujaribu kamera na kuandika gazetini zipi zinafaa na zipi ni za kutazamwa tu dukani. Hakuwa mtu wa kusoma kijitabu cha maelezo kisha akajitia mjuzi. Kila kamera aliyoletewa aliivaa shingoni, akazunguka nayo sokoni, akaisugua kwa jasho lake mwenyewe. Halafu akamalizia na jaribio ambalo hakuliacha hata siku moja: kumpiga picha mkewe akishona jioni, taa moja tu, bila flashi, pini zimejaa mdomoni. Kamera itakayouonyesha uzi katika mwanga ule hafifu, alisema, hiyo ndiyo kamera. Fundi alikuwa amepigwa picha nyingi kuliko bibi harusi yeyote, na hakuna hata moja alimotabasamu, maana nani atatabasamu na pini mdomoni?

Siku hizi uzi haukuonekana. Picha zilitoka na ukungu, naye Mzee Lenzi akaandika kwamba kizuia mtikisiko cha kamera ya kwanza ni jina tu, na cha ya pili, afadhali hata cha ya kwanza. Kitu pekee alichokisifu ni stendi moja ya bei ya chini, miguu mitatu myembamba kama ya mbu. Kila alipoifunga kamera juu yake, picha zilitoka safi. Basi akaimwagia stendi ile sifa mpaka mkewe akaona haya kwa niaba yake.

Kwa sababu fundi alikuwa ameona. Aliiona chai ya mumewe ikimwagikia kwenye kisahani, akaona vifungo vya shati vikimchelewesha asubuhi. Akafunika kombe mwanaharamu apite. Akipenda chongo huita kengeza, na yeye alimpenda huyu mtu. Mikono ya mumewe ilipotetemeka, alijiambia ni baridi.

Jioni hii Mzee Lenzi alikuwa akisoma kwa sauti hukumu ya kamera ya tatu.

"'Waliotengeneza kamera hii wanauza ukungu.'" Akacheka mwenyewe. "Nimewapatia, eh?"

Fundi akaanza kutoa pini mdomoni, moja moja. Maneno yale yakichapishwa, mwenye kamera kama ile angepiga picha safi kabisa, kisha amcheke Mzee Lenzi. Jina alilolijenga tangu nywele zake zikiwa nyeusi lingechafuka. Akapiga moyo konde.

"Mume wangu, mchagua jembe si mkulima."

"Nani anachagua? Jembe lenyewe bovu!"

"Basi nipe hilo bovu. Kaa hapa kwenye kiti changu."

"Wewe? Rimoti ya televisheni tu unaishika kichwa chini miguu juu!"

"Kaa, mzee, usinichoshe."

Akakaa, midomo ameivuta. Fundi akabana viwiko mbavuni kama alivyomwona yeye akifanya miaka yote, akazuia pumzi kama anayekata kitambaa cha mteja mkali, akabonyeza. Kisha akamrudishia kamera.

Mzee Lenzi akaikuza picha. Taa ilikuwa ile ile moja. Aliona kila unywele mweupe wa masharubu yake, akaona hata mkwaruzo kwenye kioo cha miwani. Akaishusha picha mpaka magotini, palipokuwa na mikono yake. Pale palikuwa na ukungu mtupu.

Akaiweka kamera mapajani, akaitazama mikono yenyewe.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu chai ilipohamia kwenye kisahani."

"Na hukuniambia."

"Niliogopa. Niliogopa ukijua utaacha kunipiga picha."

Mzee Lenzi akacheka bila kutaka, machozi yakimlenga. Fundi akapiga magoti, akaishika ile mikono yote miwili. Ikatulia kidogo, kidogo tu.

"Kesho kwa daktari," alisema.

"Kesho," akakubali, mtu ambaye kwa kawaida angebisha mpaka kuche. "Ila hiyo picha ifute."

"Sifuti."

"Fundi, imeharibika!"

"Mikono hiyo imenibebea wanangu. Sifuti."

Mzee Lenzi akaitazama tena picha, na mara hii aliitazama kwa jicho la kazi, kichwa amekiinamisha upande. Mkewe akalifahamu jicho lile. Mzee akafuta alichoandika chote, ule ukungu wa kuuzwa pia, akaanza upya. Kabla ya kutuma alimwita asome.

Picha ilikuwa juu kabisa. Chini yake palikuwa na maneno haya: "Kamera hii ni nzuri, na zile mbili za kabla yake nilizisingizia. Picha amepiga mke wangu. Kilichotikisika ni mikono yangu."

Fundi alisoma, akajifuta macho kwa ncha ya nguo ya mteja.

"'Mke wangu' peke yake haitoshi," alisema. "Andika 'mpiga picha'."

Mzee Lenzi akaandika mbele yake, vidole vikitetemeka, na hakuvificha.