Karnova ya Posa ya Dama

Mramba alikuwa amekwisha kunywa glasi nzima na kuisifia mbele ya wakwe, ndipo kidole chake gumba kilipokuta mkwaruzo chini ya chupa. Alidhani ni mchanga. Akasugua, mchanga haukutoka. Akaiinamisha chupa kidogo, kisirisiri, akachungulia. Ilikuwa herufi M iliyochorwa kwa msumari, mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake. Aliijua M hiyo. Aliichora kwa mkono wake mwenyewe wakati wa Pasaka, na chupa yenyewe akainywa mpaka tone la mwisho.

Sasa ilikuwaje chupa aliyoimaliza yeye ikarudi imejaa, na muhuri wake ukalia kra alipoufungua, watu wote wakisikia?

Tuanze na ulimi wa Mramba, maana ndio uliotufikisha hapa. Katika Garsen nzima hapakuwa na mtu mwenye maneno mengi juu ya vodka kuliko yeye. Kila Jumamosi, akitoka shamba, alikaa baa ya Asenath nyuma ya stendi na kutoa hukumu. Radi, ile ya chupa ndogo inayonywewa na wapakiaji mizigo, aliiita mafuta ya taa. Inachoma koo, inanuka, na asubuhi unaamka kichwa kama kimekanyagwa na ng'ombe wa Waorma. Dubu ni afadhali, hiyo ni ya walimu, bei ya katikati, ila inaacha uchungu chini ya ulimi kama mwarobaini. Lakini Karnova! Karnova ilitoka ng'ambo, chupa moja bei ya mbuzi mdogo, na Mramba alisema haina mfano. Inateremka kimya kimya, halafu inarudi puani na utamu kidogo.

"Zote ni maji makali," mdogo wake Kavumbi alizoea kumwambia, akinywa Radi yake bila wasiwasi. "Tofauti ni karatasi iliyobandikwa."

"Wewe ulimi wako uliungua zamani kwa ugali wa moto," Mramba alijibu. "Nyamaza watu wanaojua waseme."

Basi kila aliponunua Karnova aliinywa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, akiiacha rafuni kwa Asenath, na chini yake alichora M ili mtu mwingine asimiminiwe humo. Hata watoto wa pale stendi waliijua M ya Mramba.

Sasa ikaja posa ya Dama, binti yake wa pekee. Kijana alikuwa Buya, Mpokomo wa Hewani, fundi wa mashine za kuvuta maji. Dama alimngoja miaka miwili, Mramba akisema Mpokomo hapana, mpaka siku Buya alipokuja akaifufua mashine ya shambani iliyokuwa imeshindikana kwa mafundi wote. Kwa Wagiriama, watu wa Mramba, posa haiendi bila mnazi, ile pombe inayogemwa. Aliyeuleta anaonja kwanza, kuondoa shaka. Kisha binti anaulizwa kama unywewe, naye akikubali anaonja na kumpa babake. Baba akinywa, mambo yamekwisha. Akiumwaga, wageni wanachukua viatu vyao na kurudi kwao, na hawaji tena.

Lakini Mramba alikataa mnazi. Alisema unafika Garsen kutoka Malindi umeshachacha, na binti yake si wa kuposwa kwa kitu kilichochacha. Akamwagiza Buya Karnova. Akamwagiza na mahali pa kuinunua, kwa Asenath, si kwingine, maana huko ndiko kwenye ya kweli. Siku ilipofika, mjomba wa Buya akanyoosha mkono ili aonje kwanza kama mila inavyotaka. Mramba akacheka.

"Mkwe, hii imefungwa na mashine huko ng'ambo. Nani ametia sumu, Wazungu?"

Akaifungua mwenyewe, ili aonje yeye badala ya mjomba. Akamimina, akanywa, akafumba macho, akawaeleza wageni habari za kuteremka kimya na utamu wa puani. Nyale, mkewe, aliona aibu akaangalia pembeni. Ndipo Mramba akammiminia Dama glasi yake, akainua chupa juu ili kila mtu asome jina, na kidole kikakuta ile M.

"Dama mwanangu," Kavumbi alikuwa akiuliza wakati huo huo, kwa sauti ya sherehe, "kinywaji hiki tukinywe?"

"Kinyweni," alisema Dama. Alikuwa amepiga magoti, uso umemng'aa kwa furaha, na glasi tayari iko mdomoni.

Mramba hakufikiri. Alirusha mkono, glasi ikaruka, vodka ikamwagika juu ya mkeka na kwenye leso ya binti yake.

Watu walipigwa na butwaa. Dama alibaki na mkono hewani, akimtazama babake kama mtu asiyemfahamu. Buya alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Chupa hii niliimaliza mimi!" Mramba alipiga kelele. "Pasaka! Ona alama yangu! Mtu ameijaza, sijui kwa kitu gani, na mimi nimekunywa glasi nzima!"

Wote walikuwa wamesikia habari za pombe bandia kwenye redio, watu walivyokunywa jioni na kuamka vipofu. Mramba akaanza kuyapima macho yake. Aliangalia sufuria ya pilau, akaiona. Aliangalia mbuzi aliyefungwa kwenye mti, akamwona, lakini je, si kama amefifia kidogo?

"Nionyesheni vidole!" alilia. Nyale alimwonyesha vitatu. "Vitatu! Ni vitatu, sivyo? Leteni maziwa! Iteni pikipiki!"

Kavumbi alikuwa ameshamkamata Buya shingoni. "Mmekuja kutuulia ndugu yetu!"

"Mimi sijui kitu!" Buya alisema, shati likimpasukia. "Mzee, si wewe ulinituma kwa Asenath mwenyewe?"

Macho yote yakageuka kwenye meko. Asenath alikuwa amekuja kumsaidia Nyale kupika, na mwiko ulikuwa bado mkononi mwake. Aliangalia shati la Buya lililoraruka, akaangalia Dama aliyekuwa ameanza kulia, akaweka mwiko chini.

"Mwachilieni huyo kijana. Hakuna sumu."

Akaja, akainyakua chupa mkononi mwa Mramba, akapiga mafunda mawili mbele ya watu wote, akajifuta mdomo.

"Ni Radi," alisema.

"Radi gani?" aliuliza Mramba.

"Si Radi hii hii ya wapakiaji, Baba Dama. Tangu mafuriko yale yakate barabara, Karnova haijafika Garsen. Nilikuwa na chupa tupu, nikajaza Radi, nikaurudishia muhuri kwa gundi. Wewe ndiwe wa kwanza niliyekupa. Nikangoja unitukane, wallahi moyo ulikuwa unanidunda. Ukafumba macho, ukasema, 'Ah, hii ndiyo.' Basi nikaona mteja ameridhika." Akashusha sauti. "Zenye M huwa naziweka kando, usije ukazitambua. Jana nilikuwa na haraka."

Mramba aliacha kuyapima macho yake. Alitamani, kwa kweli kabisa, ingekuwa sumu. Sumu ingempa heshima, angebebwa, wangemlilia. Kavumbi alimwachia Buya na kuanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini, na vicheko vikaenea mpaka kwa wanawake wa meko.

Mjomba wa Buya hakucheka. Alikuwa anavaa viatu.

"Mkwe," alisema kwa upole, "sisi tunaijua mila yenu. Kinywaji kimemwagwa na baba mbele ya binti. Sisi tunarudi Hewani."

"Ngojeni!" alisema Kavumbi, kicheko kikamkatika. "Tutatafuta Karnova ya kweli Malindi, tupange siku nyingine."

"Hakuna siku nyingine," alisema mjomba.

Mramba aliuona mlango wa kutokea. Angeweza kusema alihisi tangu mwanzo kwamba ina kasoro, na kwamba binti yake haposwi kwa Radi. Jina lake lingebaki. Alimtazama Buya, ambaye alikuwa ameshika kola iliyoning'inia na hakuwa akimtazama mtu yeyote isipokuwa Dama.

Dama aliinuka. Aliiokota glasi, akaipangusa kwa leso yake iliyolowa, akaichukua chupa kwa Asenath. Akamimina. Akampa mjomba wa Buya kwanza, naye, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, akaonja. Kisha akaonja yeye, akakunja uso kwa ukali wake. Akapiga magoti mbele ya babake, mikono yote miwili kwenye glasi, na machozi hayajakauka.

"Kunywa, baba," alisema. "Ndiyo unayoipenda."

Mramba aliipokea. Alijua ni mafuta ya taa, alijua bei yake, alijua hata wapakiaji wanaoinywa kwa majina. Akanywa. Ikateremka kimya kimya, halafu ikarudi puani na utamu kidogo, vile vile kama siku zote, na jambo hilo lilimshtua kuliko lile la alama.

Watu walikuwa wanangoja.

"Hii ndiyo," alisema kwa sauti ndogo, na wanawake wakapiga vigelegele.