Majivu ya Kiwanda cha Nguzo

Mihayo alipohama Rujewa kuja kuishi pembeni mwa Mafinga, alikuja na ng'ombe saba. Sasa walibaki wawili, na mmoja ana mimba. Wengine walikufa kwa kunywa maji ya dimbwi la kijani kwenye kiwanda cha nguzo za umeme, kiwanda cha serikali kilichokufa kikaacha mapipa yanayovuja na lundo la nguzo zilizoloweshwa dawa ya mchwa. Uzio ulishaibwa, na ng'ombe hajui kusoma kibao cha hatari.

Basi Mihayo akaenda kuomba eneo lisafishwe, akawa mtu wa kuzungushwa. Halmashauri walisema eneo si lao, ni la wizara. Iringa mkoani wakasema mwenye jukumu ni mwekezaji aliyeuziwa, naye alishaondoka, hajulikani aliko. Mbeya, kwenye ofisi ya kanda, dada wa mapokezi alimpa kiti na maji ya kunywa, akamshauri arudi Mafinga. Kila mlango walimwita mzee kwa heshima zote, na heshima hiyo ndiyo iliyomchosha kuliko kitu kingine.

Kisha, wakati hatarajii tena, serikali ikaja. Afisa Liberatus alishuka na vijana na trekta. Wakafukia dimbwi, wakabeba mapipa, wakazikusanya nguzo na kuzichoma mchana kutwa. Lea, mkewe Mihayo, alipiga vigelegele. Liberatus akatangaza kwamba eneo sasa ni safi, na watu wakaamini, maana walitaka mno kuamini.

Mihayo hakuweza kupita majivu bila kuwakumbuka ng'ombe wake. Majivu yana chumvichumvi, na kwao Usukumani baba yake alikuwa akiwawekea ng'ombe majivu chumvi ilipokosekana. Akajaza gunia, akamwaga kwenye hori. Alisimama akiwatazama wakilamba, akajisikia furaha aliyokuwa ameshaisahau.

Kulipokucha wote wawili walikuwa chini, wamekauka, na ndama amekufa tumboni mwa mama yake.

Liberatus alirudi, akayatazama majivu kwa mbali. Akaeleza kwamba dawa ile haiungui, hubaki humohumo kwenye majivu. Mihayo akamuuliza kwa nini basi hawakuambiwa.

“Mzee wangu, sisi tuliagizwa dimbwi, mapipa na nguzo tu,” Liberatus alisema. “Majivu ni taka za sumu. Hizo zina idara yake.”

Mihayo aliitafuta hasira, hakuiona. Alichoona ni uchovu tu.

Akawazika ng'ombe wake, kisha akachukua fimbo ya kuchungia, akaenda kukaa kando ya lundo la majivu, kwa sababu ng'ombe wa majirani walishaanza kulisogelea. Hata leo utamkuta pale, mchungaji asiye na ng'ombe, akifukuza ng'ombe wa watu. Wapita njia humuuliza ni nani aliyemwajiri.

“Hakuna,” huwajibu, na kugeuka kumfukuza ng'ombe mwingine.