Nusu Saa ya Mdogo Wake

Alikuwa ananawa mikono chooni, nyuma ya ukumbi, aliposikia besi ikipenya ukutani. Akafunga bomba asikie vizuri. Besi hiyo aliijua. Ilikuwa ya wimbo alioutafuta majuma mengi na kuuweka kwa ajili ya mwisho kabisa, watu wakishalowa jasho. Na sasa ilikuwa alasiri, jua bado kali, ukumbini hawajaingia ila watu wachache wanaotafuta pa kusimama.

Fundi wa spika anajaribu mitambo, alijiambia. Lakini fundi wa spika angeutoa wapi?

Alitoka mikono ikichuruzika maji. Jukwaani alikuwepo mdogo wake, mwanamume mzima mwenye ndevu, hedifoni shingoni, mkono mmoja hewani kama anayesimamisha teksi.

Mama yao ndiye aliyeomba. "Mwanangu, mpe mdogo wako nusu saa akufungulie onyesho. Si mmetoka tumbo moja?" Naye akakubali. Bango la mlangoni lilikuwa na jina lake peke yake kwa mara ya kwanza, baada ya miaka ya kuwafungulia ma-DJ wengine, na siku kama hiyo hakutaka kuwa na mkono wa birika. Alimpa mdogo wake sharti moja tu: apige taratibu, nyimbo zake mwenyewe, amwachie watu wakiwa bado na hamu.

Msimu mzima wa mvua yeye alikuwa akijenga mpango wake wa muziki wa tekno. Mchana alipiga pasi mashati ya watu kwa dobi, jioni alisikiliza. Kila wimbo una sauti ambayo ndiyo nyumbani kwake. Ukiuchanganya na wimbo wa nyumba ya mbali, zinagombana, na watu wanaumia masikio hata wasijue kwa nini. Kwa hiyo aliuimba kila wimbo kwa mdomo uliofumbwa mpaka akaipata sauti yake, kisha akaupangia mahali: nyimbo mbili tatu za nyumba moja, halafu hatua moja kwa jirani, giza kidogo, halafu kupanda pale watu wanapodhani wameshafika. Wimbo ule wa besi ndio uliokuwa kilele.

Na huyu mdogo wake alikuwa amezihamisha nyimbo hizo zote kutoka kwenye kompyuta ya nyumbani, bila hata kuuliza. Kilichomchemsha damu zaidi ni jinsi alivyozipiga. Kompyuta huwasha kijani penye wimbo unaopatana na ule unaolia, nyekundu penye usiopatana, basi bwana mkubwa alibonyeza kijani, kijani, kijani, zote za nyumba ileile. Hakuna kilichogongana. Hakuna kilichokwenda popote pia. Kilele chake kiliingia na kutoka kama mgeni asiyepewa kiti, na watu wakaanza kuchezea simu zao.

Alipanda jukwaani.

"Dada!" Mdogo wake alimpokea meno yote nje. "Umesikia zilivyopatana? Hata moja haikukwaruza!"

"Umechukua nyimbo zangu."

"Zetu, dada. Kompyuta si ya nyumbani?"

"Kompyuta ya nyumbani. Masikio ni yangu."

"Ah, usinune bwana. Nimekupashia watu moto."

"Watu gani? Hao wanaopiga miayo?"

Mama yao alikuwa ameshasogea hadi ukingoni mwa jukwaa, mkoba kifuani. "Jamani, msinitie aibu mbele za watu. Mwanangu, wewe ndiye mkubwa. Mezea tu."

Mezea! Alilishwa neno hilo tangu utotoni. Alimezea baiskeli, akamezea chumba chenye dirisha, akamezea masomo yake yalipokatishwa ili huyu aendelee na yake, ambayo hata hakuyamaliza. Na kila alipomezea aliambiwa ana moyo mzuri. Moyo mzuri! Hakuna aliyewahi kumuuliza kama una nafasi tena.

"Mama," alisema, "nimeshiba."

Akashusha sauti yote mpaka kimya. Mtu mmoja akapiga mluzi. Ndani ya kimya hicho akaanzisha ngoma tupu, isiyo na sauti ya nyumba yoyote, akaiacha itembee peke yake mpaka miguu miwili mitatu ikaanza kuifuata. Halafu akachagua wimbo mmoja kati ya nyimbo alizozikataa msimu ule, akauingiza, na juu yake akaurudisha wimbo wa mwisho wa mdogo wake. Nyumba mbili zilizo mbali kabisa.

"Dada, hizo hazipatani! Angalia, nyekundu hiyo!" Mdogo wake akanyoosha mkono kuzima.

Dada yake akaudaka. "Najua."

Sauti mbili ziligombana juu ya ukumbi mzima, waziwazi, bila haya. Watu wakainua nyuso. Mwanamke mmoja karibu na spika akakunja uso, kisha, uso ukiwa bado umekunjwa, akaanza kutikisa kichwa, na wa pembeni yake naye. Mama aliita kitu ambacho hakikusikika.

Kwa mkono wa kulia akaongeza besi. Wa kushoto ulikuwa bado umekamata kifundo cha mkono cha mdogo wake. Alihisi ngoma ikipita humo, na mapigo ya mshipa wa mdogo wake yakienda mbio kuliko ngoma, na hakumwachia.