Joto la Kwanza

Mara tatu mpimaji wa maabara ya kiwanda alikuwa ameandika ripoti iliyomkandamiza mdogo wake wa tumbo moja. Karatasi za plastiki zilizotakiwa kung'aa kama kioo zilitoka kiwandani na ukungu, na mdogo wake ndiye aliyechanganya plastiki mbili zinazozitengeneza. Meneja alishasema: ripoti ya nne ikitoka vilevile, siku hiyohiyo saa sita mchana binti huyo afungashe virago.

"Dada, haki ya Mungu nilichanganya. Mashine yako inanisingizia."

"Mashine haina ndugu," akamjibu kwa ukali, maana mwenyewe alikuwa anaumia.

Kazi yenyewe si ya ajabu. Unatia chembe ya plastiki iliyochanganywa, kabla haijakandamizwa kuwa karatasi, kwenye kisahani cha alumini, unaipasha, mashine inachora mstari. Plastiki inapolainika, mstari unashuka ngazi. Zilizochanganyika hushuka ngazi moja; zilizotengana, mbili. Na kila chembe ilipashwa mara mbili: joto la kwanza la kuisahaulisha ilikotoka, la pili ndilo la kusomwa. Mstari wa kwanza haukutazamwa na mtu. Ndivyo walivyofundishwa, na waliowafundisha ndivyo walivyofundishwa, basi, nani ajisumbue kuuliza?

Asubuhi ya ripoti ya nne, labda kwa uchungu tu, aliutazama. Ngazi moja! Chembe ikapanda hadi nyuzi mia mbili, ikapozwa haraka, ikapashwa tena: ngazi mbili.

Akakata kipande chembamba cha plastiki ileile, akakiweka kwenye bamba la moto chini ya darubini. Nyuzi mia na thelathini, kiangavu kabisa. Mia na sitini, ukungu ukaibuka ndani kwa ndani, kila mahali kwa pamoja, kama maziwa kwenye maji, ila hakuna aliyemimina kitu. Akapunguza moto taratibu. Ukungu ukatoweka.

Mwili ukamsisimka. Vitu vilivyoshikamana kama chanda na pete, joto likizidi vinaachana, likipungua taratibu vinarudiana! Miaka kumi na moja aliamini kwamba moto huunganisha. Alirudia mara tatu kwa sababu alishindwa kuacha kutazama.

Kisha akakumbuka saa, akatoka mbio.

Mdogo wake alikuwa tayari ofisini kwa meneja, ovaroli limekunjwa mkononi.

"Alichanganya vizuri," mpimaji alisema akihema. "Mashine ya kukandamizia karatasi ndiyo inazitenganisha plastiki, tangu mlipoipandisha joto ili kazi iende haraka. Na mimi nilizitenganisha mwenyewe kwenye kipimo, halafu nikamlaumu yeye."

Meneja akakuna kichwa, akanyanyua simu kuagiza joto lishushwe. Mdogo mtu hakumtazama dada yake.

"Huo mstari wa kwanza ulikuwepo siku zote, dada?"

"Ulikuwepo."

"Na hukuutazama?"

"Sikuutazama, mdogo wangu. Nisamehe."

Mdogo mtu akaliweka ovaroli mezani. Akasema, "Nionyeshe."

Kule maabara, mdogo mtu akainama kwenye darubini. Ukungu ukaja, ukaondoka, ukaja tena. Dada yake akanyoosha mkono kuzima bamba.

"Usizime," akasema bila kuinua kichwa. "Sijakusamehe bado, lakini usizime."