Kuachana Tulum

Cibalonza alimwona mumewe kwenye uwanja wa ndege wa Cancún, Meksiko, amesimama kando ya ukanda wa mizigo na jaketi la baridi mkononi. Wazo lake la kwanza lilikuwa kwamba amenenepa. La pili lilikuwa kwamba binti yao amewachezea shere.

Medard naye alishangaa kwa namna yake, yaani alitikisa kichwa na kucheka puani. Akasema Alliance alimwambia kwamba likizo hii ni ya baba na binti. Cibalonza akajibu kwamba yeye aliambiwa ni ya mama na binti. Alliance mwenyewe alikuwa ameshatangulia kuelekea mlangoni, anaburuta sanduku lake, na hakugeuka nyuma.

Walikuwa hawajaonana uso kwa uso kwa miaka sita, wala hapakuwa na ugomvi. Walipoletwa Marekani kutoka kambi ya wakimbizi Uganda, familia nzima ilishukia mji wa Louisville. Wakapata nyumba mtaa wa Okolona, karibu na maghala, na wote watatu wakaingia kazi ya kupanga maboksi. Baadaye Medard akasikia kwamba katika mji wa Buffalo kuna kiwanda chenye kazi nzuri zaidi, akaenda kujaribu kwa msimu mmoja wa baridi. Msimu ukaisha, akabaki. Cibalonza alingoja mpaka akachoka kungoja, akahamia Westerville, pale juu ya Columbus, kwa binamu yake, na sasa alikuwa akitunza wazee. Alliance akabaki na nyumba. Neno talaka halikutamkwa na mtu. Kanisani kwa Cibalonza mchungaji alipenda kuziombea ndoa zilizotenganishwa na kazi, na kila alipofika hapo kina mama walimzunguka Cibalonza na kumwekea mikono mabegani.

Kule hotelini Tulum, Alliance alikuwa amekodi vyumba viwili, kimoja chake na kimoja cha wazazi. Juu ya kitanda cha wazazi wahudumu walikuwa wamekunja taulo mbili zikawa bata wenye shingo ndefu, midomo imegusana. Medard aliwatazama wale bata kwa muda, akasema aliyefanya kazi ile ana mikono. Cibalonza akachukua sanduku lake, akavuka korido na kubisha mlango wa binti yake. Alliance alifungua, akamwonyesha upande wa kitanda ulio ukutani.

Asubuhi walishuka ufukweni. Kwenye picha mchanga ulikuwa mweupe na maji ya kijani, lakini bahari ilikuwa imetapika mwani wa kahawia mpaka magotini, na mwani ule ulinuka kama mayai viza. Wanaume wa hoteli waliuzoa kwa uma na kuusukuma kwa toroli, na mawimbi yakaleta mwingine. Alliance aliomba radhi kana kwamba yeye ndiye aliyeumwaga. Kisha akasema, kwa Kiingereza kama kawaida yake, kwamba afadhali waende kwenye magofu.

Magofu ya Wamaya yalikuwa juu ya jabali, yamezungushiwa ukuta wa mawe, na nyuma yake bahari. Mwongozaji wao alikuwa mwanamke mfupi mwenye kofia ya ukindu. Mtalii mmoja alimuuliza Wamaya walipotelea wapi. Akamjibu kwamba yeye ni Mmaya, mama yake ni Mmaya, na leo wote wawili wameamkia nyumbani kwao. Halafu akaendelea na habari za madirisha. Alliance akawatafsiria wazazi wake, na Medard akasema vizuri sana, amemjibu vizuri.

Medard alikuwa fundi mwashi kule Bukavu, Kongo, kabla ya vita. Hakuweza kuyagusa yale mawe kwa sababu ya kamba iliyozuia watalii, basi aliinama hadi kidevu kikakaribia kamba, akaanza kumweleza mkewe jinsi chokaa inavyochomwa, jinsi inavyolowekwa, na kwa nini milango ile imejengwa ikiegemea ndani. Cibalonza alisikiliza. Alikumbuka kwamba ndivyo alivyomposa, kwa maelezo ya kuta. Akagundua kwamba bado anapenda kumsikiliza, na kwamba kupenda kule hakumdai kitu kingine chochote.

Jua lilipopanda, goti la Medard lilianza kumsumbua. Alliance alikwenda na kundi kupiga picha ukingoni mwa jabali, na wazazi wakaketi kwenye benchi la kivulini. Mijusi wakubwa walikuwa wamelala juu ya ukuta, wamefumba macho.

"Mama Alliance," Medard akasema, "bon, niseme tu. Mimi sitakuja Columbus."

"Ninajua."

"Unajua tangu lini?"

Cibalonza alifikiri kabla ya kujibu. "Mwanzo ulikuwa unasema 'huku Buffalo'. Siku moja ukanipigia simu, ukasema, 'Kwangu theluji imeziba mlango.' Kwangu. Nikajua siku ile."

"Na haukusema kitu."

"Sikusema juu haikuniuma, Papa Alliance."

Cibalonza aliona kwamba neno lile limemchoma Medard, na hilo lilimshangaza, maana ni yeye aliyeanza. Medard aliuliza kama kuna mtu mwingine. Cibalonza akasema hapana, ana wazee wake wa kazini na wanamtosha. Akamrudishia swali. Medard alilisugua goti, akasema kuna mjane mmoja kanisani kwao, karibu na barabara ya Bailey, anaitwa Kornelia, humpikia sombe, yale majani ya muhogo, siku za Jumapili. Hakuna lingine. Bado.

Cibalonza akamwambia asimcheleweshe mwanamke wa watu. Akaongeza kwamba yeye mwenyewe, kila wanapomwekea mikono na kuiombea ndoa yake, hufumba macho na kupanga atapika nini juma lile. Medard alicheka kwa sauti, mjusi mmoja akaruka chini akatoweka nyasini. Walicheka wote wawili, na Alliance akawaona kutoka mbali, akapunga mkono kwa furaha.

Kupunga kule ndiko kulikokuwa kugumu, maana Alliance alidhani wamerudiana. Walikubaliana kumwambia pamoja, mchana ule ule, kwenye kibanda cha samaki kando ya barabara. Medard alianza, akakwama, Cibalonza akamalizia. Alliance alitoa miiba kwenye samaki wake mpaka ikaisha yote. Kisha akasema kwa Kiswahili, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Donc mimi nilikuwa nangoja nini?"

Hawakuelewa. Akawaeleza kwamba katika nyumba ya Okolona yeye hulala kwenye chumba kidogo. Kile kikubwa ni chao. Kitanda chao hukitandika kila juma, na nguo ambazo hawakuzichukua bado zimo kabatini. Mwaka jana kazini walitaka kumpeleka Texas awe msimamizi, akakataa, kwa kuwa nani angebaki na nyumba?

Cibalonza alitaka kusema kwamba hakuna aliyemtuma. Lakini hakuweza, kwa sababu alikumbuka kwamba kila simu kwa binti yake aliimaliza kwa maneno yale yale, 'tukirudi nyumbani', na kwake yeye yalikuwa salamu tu. Tangu atue Cancún hakuna kilichomuumiza. Hili lilimuumiza.

"Mwanangu," akasema, "hamia kwenye kile chumba. Ao hama mji kabisa. Sisi haturudi."

"Pole, mama," Medard akamwambia binti yake.

Alliance aliinuka, akavuka barabara, akasimama huko akiwapa mgongo, pikipiki zikipita kati yake na wao. Medard alitaka kumfuata, Cibalonza akamshika mkono wa shati. Alliance aliporudi macho yalikuwa mekundu, na alichouliza ni kama wamekwisha kula, maana dereva wa teksi anangoja.

Siku ya mwisho upepo uligeuka, mwani ukapungua. Medard alikunja suruali akaingia hadi magotini na kusimama hapo. Cibalonza hakujua kuogelea, basi Alliance alimlaza chali juu ya maji, mkono mmoja chini ya mgongo, akimwambia asikaze shingo. Alikuwa bado amenuna, lakini mkono ulikuwa imara.

Uwanjani walipanda ndege tatu tofauti. Ya Alliance ilitangulia. Kabla ya kuingia mlangoni aliwauliza kama Krismasi watakuja Louisville. Medard akasema atakuja na gari lake. Cibalonza akasema na yeye atakuja na lake.

"Mtalala wapi?" Alliance akauliza.

Walitazamana. Hakuna aliyekuwa amelifikiria.